KUHESABU MAANDIKO NA KUPIMA UTAFITI: FAIDA NA MIPAKA YAKE

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Kila mwaka fedha za umma hutumika katika utafiti: wa mazao, wa mifugo, wa bahari, wa maradhi na wa lugha. Fedha hizo hutoka katika kodi ya mwananchi, au katika misaada iliyoombwa kwa jina lake. Ni haki yake, basi, kuuliza utafiti huo umezaa nini. Swali ni jepesi kuuliza, lakini jawabu lake si jepesi, kwani utafiti haupimwi kwa maili kama barabara wala kwa kilo kama karafuu. Kwa sababu ya ugumu huo, nchi nyingi zimejenga mazoea ya kupima utafiti kwa kuhesabu maandiko yaliyochapishwa na mara ambazo maandiko hayo yametajwa na wataalamu wengine. Taaluma ya kuhesabu hivyo huitwa bibliometria.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza taaluma hiyo ilikotoka, inavyofanya kazi, na kiasi gani inaweza kuaminiwa katika maamuzi ya Serikali na vyuo vya visiwani. Jambo moja linafaa kuwekwa wazi tangu mwanzo. Hesabu ya maandiko huonyesha vizuri nani anamsoma nani na elimu inaelekea wapi. Haiwezi peke yake kueleza utafiti umemfaa nani. Ofisi inayochanganya mambo hayo mawili inaweza kumpandisha cheo asiyestahiki, kumwacha anayestahiki, na kuyaacha bila ya fedha matatizo ya wananchi yasiyosomwa ng'ambo.

Asili ya hesabu hii

Mwandishi wa makala ya kisayansi hutaja mwishoni mwa makala yake maandiko ya wengine aliyoyategemea. Kila kutajwa huko huitwa rejeo. Marejeo ndiyo malighafi ya bibliometria.

Mwaka 1927 wataalamu wawili wa Chuo cha Pomona, California, P. L. K. Gross na E. M. Gross, walishughulikia tatizo linalojulikana na kila mkuu wa maktaba: fedha kidogo na majarida mengi. Badala ya kumuuliza kila mwalimu jarida alipendalo, walichukua juzuu ya mwaka 1926 ya jarida la chama cha wanakemia wa Marekani, wakahesabu marejeo yote yaliyomo. Walipata marejeo 3,633 yaliyogawanyika katika majarida 247. Orodha hiyo iliwaonyesha majarida ya kununuliwa kwanza. Iliwaonyesha pia kwamba mwanafunzi wa kemia wa zama hizo asiyejua Kijerumani angekosa sehemu kubwa ya elimu yake.

Mwaka 1934 Samuel Bradford, mkuu wa maktaba ya Makumbusho ya Sayansi, London, alitoa matokeo ya hesabu nyingine. Alitazama makala 1,332 juu ya jiofizikia zilizotoka katika majarida 326. Majarida 9 tu yalibeba makala 429. Majarida 59 yaliyofuata yalibeba 499, na majarida 258 yaliyobaki yalibeba 404. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya elimu ya fani moja hukusanyika katika majarida machache, na iliyobaki hutawanyika mbali. Mwenye fedha kidogo hununua yale machache, naye hana budi kujua kwamba zaidi ya theluthi mbili ya elimu hiyo imo katika majarida ambayo hakuyanunua.

Hatua ya tatu ilitokea kisiwani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Derek de Solla Price alikuwa akifundisha katika Chuo cha Raffles, Singapore. Jengo la maktaba ya chuo lilikuwa halijakamilika, naye akazichukua nyumbani juzuu za Philosophical Transactions, jarida la Royal Society ya London lililoanza mwaka 1665. Alizipanga ukutani mafungu ya miaka kumi kumi. Aliona kwamba kila fungu lilikuwa refu kuliko lililotangulia, na kwamba ongezeko lenyewe lilikuwa likizidi kukua. Kutokana na hayo aliendeleza uchunguzi wake, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1963 alieleza kwamba maandiko ya sayansi yamekuwa yakiongezeka maradufu katika kila kipindi cha miaka kumi hadi kumi na mitano.

Hatua ya nne ni ya Eugene Garfield, Mmarekani aliyefariki mwaka 2017. Wanasheria wa Marekani walikuwa na faharasa, iliyoanza mwaka 1873, iliyomwonyesha wakili kila hukumu ya baadaye iliyoitaja hukumu fulani ya zamani. Mwaka 1955 Garfield alipendekeza sayansi nayo iwe na faharasa ya namna hiyo, na mwaka 1964 taasisi yake ya Philadelphia ilitoa Science Citation Index. Tangu hapo mtu aliweza kuanza na makala ya zamani na kuwajua wote walioitaja baadaye, maadamu waliandika katika majarida yaliyoingizwa humo.

Izingatiwe kwamba kazi hizo zilianza kwa ajili ya kununua majarida, kutafuta maandiko na kufahamu mwenendo wa sayansi. Hazikuanza kwa ajili ya kumhukumu mtumishi mmoja mmoja.

Vipimo vitatu vinavyotumika sana

Kipimo cha kwanza ni hesabu ya marejeo: makala fulani imetajwa mara ngapi.

Cha pili ni kigezo cha athari cha jarida, ambacho Garfield alianza kukichapisha kila mwaka kuanzia 1975. Tuseme jarida limetoa makala 40 katika miaka miwili, na katika mwaka unaofuata makala hizo zimetajwa mara 60. Gawa 60 kwa 40, na kigezo cha jarida hilo ni 1.5. Lakini inawezekana makala moja ndiyo iliyotajwa mara 30, na nusu ya makala zilizobaki hazikutajwa hata mara moja. Hivyo basi, kigezo hicho ni wastani wa jarida. Anayekitumia kumpima mwandishi mmoja hutenda sawa na anayekadiria utajiri wa mtu kwa kuangalia wastani wa mtaa anaokaa.

Cha tatu ni kipimo cha h, kilichopendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mtaalamu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mtafiti mwenye makala tano zilizotajwa mara 10, 8, 5, 4 na 1 ana kipimo cha 4, kwa kuwa anazo makala nne ambazo kila moja imetajwa angalau mara nne. Kipimo hiki hakishuki, na hukua kwa umri. Mtafiti kijana mwenye makala tatu bora kabisa hawezi kuzidi 3, hata kama kila moja ya makala hizo imetajwa mara elfu.

Tangu mwaka 2004 hazina mbili nyingine kubwa za marejeo, Scopus na Google Scholar, ziliungana na ile iliyotokana na kazi ya Garfield. Mwaka 2022 ilianza OpenAlex, ambayo hutumika bila ya malipo. Hazina hizi hazikusanyi maandiko yale yale, na kwa hiyo mtafiti mmoja huweza kuwa na hesabu tatu au nne tofauti siku hiyo hiyo. Ofisi inayopokea hesabu bila ya kuuliza imetoka hazina gani haijapokea taarifa kamili.

Faida kwa mwenye kutafuta elimu

Pamoja na hayo, taaluma hii ina faida kubwa, na kwa visiwa vidogo faida yake ni kubwa zaidi, kwa sababu visiwa vidogo haviwezi kutafiti kila kitu vyenyewe.

Mfano mzuri ni mwani. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Aina inayoitwa cottonii, ambayo bei yake ni nzuri zaidi, imekuwa ikifa pale maji ya pwani yanapozidi joto. Ofisa anayetaka kujua dunia imegundua nini juu ya tatizo hilo hana haja ya kusoma kila kitu. Huanza na makala moja nzuri. Kwanza hurudi nyuma, akasoma marejeo yaliyo mwishoni mwake ili ajue msingi wake. Kisha huenda mbele, akatafuta makala mpya zilizoitaja. Mwisho hutazama makala zipi hutajwa pamoja mara kwa mara, njia iliyoelezwa na Henry Small mwaka 1973. Makala mbili zinazotajwa pamoja na waandishi wengi huwa zinahusu jambo moja au mambo yanayokaribiana.

Kwa kazi ya siku chache ofisa huyo hupata kama ramani. Huona makundi ya watafiti wa Ufilipino na Indonesia, nchi zinazozalisha mwani wa aina hiyo kwa wingi. Huona nani anaandika na nani, ni mwaka gani suala la joto la maji lilipoanza kushughulikiwa kwa nguvu, na wapi pana swali ambalo halijaulizwa. Hapo ndipo anapojua amwandikie nani barua na fedha kidogo alizonazo azielekeze wapi. Katika kazi hiyo hakumpanga mtu yeyote daraja.

Mipaka ya hesabu

Kutajwa si kusifiwa. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala juu ya watoto 12 iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na maradhi ya usonji. Makala hiyo ilitajwa mara nyingi sana, mara nyingi na wale walioipinga, na mwaka 2010 jarida lenyewe liliifuta. Hesabu ya marejeo haikujua tofauti ya kupingwa na kukubaliwa.

Vile vile, kutajwa sana si lazima kuwe dalili ya ugunduzi mkubwa. Mwaka 2014 makala iliyoongoza duniani kwa kutajwa, zaidi ya mara 300,000, ilikuwa ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951. Makala hiyo inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini katika maji maji ya maabara. Ni kazi yenye manufaa, na ilitajwa kwa kuwa kila aliyeitumia njia hiyo alilazimika kuitaja.

Kwa upande mwingine, kutotajwa si dalili ya kutofaa. Gregor Mendel alichapisha mwaka 1866 uchunguzi wake wa njegere ambao ndio msingi wa elimu ya urithi. Ulikaa karibu bila ya kushughulikiwa hadi mwaka 1900, ambapo yeye alikuwa ameshafariki. Kama angepimwa kwa marejeo ya miaka miwili, angehesabika kuwa hakufanya kitu.

Aidha, fani hazifanani. Watafiti wa chembe hai hutaja maandiko mengi katika kila makala, nao ni wengi. Wanahisabati hutaja machache, nao ni wachache. Kumlinganisha mwanahisabati na tabibu kwa idadi ya marejeo ni kulinganisha vitu visivyolingana. Ikiwa hapana budi kulinganisha, kila makala ilinganishwe na makala za fani yake na za mwaka wake.

Hali ya visiwani

Mambo yaliyotajwa hupatikana kila mahali. Yapo mengine yanayovihusu zaidi visiwa hivi.

La kwanza ni jina. Mtu wa visiwani huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Hazina za marejeo zimetengenezwa kwa watu wenye jina la ukoo, na huchukua jina la mwisho kuwa ndilo hilo. Mtafiti aliyeandika mara moja majina matatu, mara nyingine mawili, na mara ya tatu akafupisha la kati, huweza kuonekana kuwa watu watatu wenye kazi kidogo kidogo. Taasisi nazo huandikwa mara kwa Kiswahili, mara kwa Kiingereza, mara kwa kifupi, na kazi zake zikatawanyika vivyo hivyo. Tangu mwaka 2012 upo utaratibu wa ORCID, unaompa kila mtafiti nambari yake moja bila ya malipo. Ni jambo dogo, lakini huzuia hasara kubwa.

La pili ni anwani. Utafiti mkubwa unaofanywa visiwani mara nyingi hufanywa pamoja na vyuo vya nje. Baadhi ya hesabu huipa kila taasisi iliyotajwa makala nzima; nyingine huigawa makala mafungu. Katika hesabu ya mafungu, kituo chenye mwandishi mmoja kati ya kumi huweza kupata sehemu moja ya kumi, hata kama kazi yote ya mitaani ilifanywa na watumishi wake.

La tatu, na ndilo zito zaidi, ni thamani ya matokeo yenyewe. Mifano miwili ya visiwani inatosha.

Mwaka 2006 The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Pemba juu ya watoto wadogo 24,076. Ilikuwa ikidhaniwa kwamba kuwapa watoto wote madini ya chuma na asidi ya foliki ni jambo la kheri mahali popote. Huko Pemba, ambako wakati huo malaria ilikuwa kali, watoto waliopewa madini hayo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa hospitali kuliko wale ambao hawakupewa. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mwezi wa Agosti 2003 kwa ajili ya usalama wa watoto. Haikuwa na maana kwamba madini ya chuma ni mabaya kwa mtoto aliyepungukiwa nayo. Ilikuwa na maana kwamba yasigaiwe kwa wote bila ya kinga ya malaria. Mwaka huo huo wa 2006 Shirika la Afya Duniani lilikutanisha wataalamu Lyon, Ufaransa, kuupitia upya ushauri wake. Makala hiyo imetajwa sana, na hapa hesabu na manufaa vinakwenda pamoja.

Mfano wa pili ni wa Unguja. Kuanzia mwaka 1994 hadi 1997 mbung'o madume waliotasishwa kwa mionzi waliachiwa kutoka angani, ili majike wa porini wakipandwa nao wasizae. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kilitangazwa kuwa hakina tena mdudu huyo anayeleta nagana kwa ng'ombe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000 katika jarida la Marekani la elimu ya wadudu na uchumi. Jarida hilo husomwa na watu wa fani yake na halina sifa ya The Lancet mbele ya umma. Anayetazama kigezo cha jarida peke yake ataiweka kazi hii mbali sana chini ya ile ya Pemba. Mfugaji wa Unguja ambaye ng'ombe wake hafi tena kwa nagana hawezi kukubali kwamba kazi hiyo ni ndogo. Manufaa yake yameandikwa zizini, na zizi haliingizwi katika faharasa.

La nne ni lugha. Ripoti za wizara, vijitabu vya mabwana na mabibi shamba, na makala za Kiswahili juu ya fasihi, historia na sheria mara nyingi hazimo katika hazina kubwa. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam limebeba kwa miaka mingi mijadala ya istilahi na sarufi inayotumiwa na walimu na watunga kamusi, lakini anayepima kwa hazina za ng'ambo tu ataiona sehemu ndogo ya kazi hiyo. Majarida ya kanda nayo yana nafasi yake. Western Indian Ocean Journal of Marine Science, lililoanza mwaka 2002, hutolewa na jumuiya ya wanasayansi wa bahari iliyoundwa mwaka 1993 na yenye makao yake Zanzibar. Mtafiti akiambiwa kwamba kinachohesabika ni jarida la mbali peke yake, ataacha kuandika juu ya pweza wa Makunduchi na ataandika juu ya jambo linalompendeza mhariri wa mbali. Hilo si kosa la mtafiti, bali ni la aliyemwekea mizani hiyo.

Kipimo kinapogeuka lengo

Yaliyotokea kwengine yanatosha kuwa onyo. Nchini Italia sheria ya mwaka 2010 ilifuatiwa na utaratibu wa kupandisha vyeo kwa viwango vya marejeo. Mwaka 2019 Alberto Baccini na wenzake walichapisha uchunguzi uliobainisha kwamba baada ya mabadiliko hayo watafiti wa nchi hiyo walizidi kujitaja wenyewe na kutajana kuliko ilivyokuwa katika nchi zinazolingana nayo. Nchini China vyuo vingi vilikuwa vikilipa zawadi ya fedha kwa makala zilizoingia katika faharasa ya kimataifa, na mwezi wa Februari 2020 wizara za elimu na za sayansi zilitoa maelekezo ya kukomesha zawadi hizo na kutotegemea hesabu ya makala peke yake.

Wanasayansi wenyewe wametoa tahadhari. Tamko la San Francisco, lililotokana na mkutano wa Desemba 2012, linataka kigezo cha jarida kisitumiwe kupima kazi ya mtu mmoja mmoja katika ajira, kupandishwa cheo au kupewa fedha. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 ina kanuni kumi. Ya kwanza inasema kwamba hesabu iunge mkono uamuzi wa wataalamu na isichukue nafasi yake, na ya tatu inataka ulindwe ubora wa utafiti unaohusu mahali penyewe.

Yanayopendekezwa

Kutokana na maelezo hayo, taasisi, kamati za vyeo na idara zinazogawa fedha za utafiti zinashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(i) Kabla ya kuomba hesabu yoyote, iandikwe swali linalotakiwa kujibiwa. Kutafuta nani anajua nini duniani ni kazi ya hesabu. Kuamua nani apandishwe cheo ni kazi ya watu waliosoma maandiko yake.

(ii) Kila hesabu itajwe pamoja na jina la hazina ilikotoka na tarehe iliyochukuliwa, na isilinganishwe na ya hazina nyingine.

(iii) Mtafiti apewe nafasi ya kuona hesabu yake na kuisahihisha kabla haijatumiwa. Aidha, kila mtafiti achague namna moja ya kuandika jina lake na abaki nayo.

(iv) Katika maombi ya vyeo, mtafiti awasilishe maandiko machache anayoyaona kuwa bora, yawe ya Kiswahili au ya lugha nyingine, pamoja na maelezo mafupi ya nani ameyatumia na kwa jambo gani. Ripoti iliyobadilisha utaratibu wa wizara, au mbegu iliyokubaliwa na wakulima, ihesabike kuwa ushahidi.

(v) Ripoti na takwimu za taasisi za Serikali zihifadhiwe kwa utaratibu, zipewe namba, na ziwekwe mahali zinapoweza kusomwa. Andiko lililofungiwa kabatini haliwezi kutajwa na mtu, na mtafiti wa miaka ijayo atalazimika kulipia upya elimu iliyokwisha kulipiwa.

Ndugu wananchi,

Katika kituo cha kununulia karafuu mizani hutaja uzito, na hapana anayeidharau. Lakini daraja la karafuu huamuliwa na mjuzi anayeangalia ukavu na usafi wake. Muuzaji asingekubali mizani iamue daraja, na mnunuzi naye asingekubali jicho liamue uzito. Utafiti nao unahitaji vyote viwili, kila kimoja katika kazi yake.

Mwananchi anayeuliza fedha zake zimezaa nini anastahiki jawabu kamili. Akipewa nambari peke yake, bado hajajibiwa. Aambiwe pia nani alisoma kazi hiyo, nani aliitumia, na nini kimebadilika shambani, baharini, hospitalini au skuli kwa sababu yake.